Ahmad ibn Majid: Malimu Aliyeihifadhi Miamba kwa Ushairi

Jina la Ahmad ibn Majid hutajwa mara kwa mara katika vitabu vya historia ya pwani ya Afrika Mashariki, lakini aghalabu hutajwa kwa tendo ambalo yamkini hakulitenda. Anakumbukwa kuwa rubani aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Calicut mwaka wa 1498, na kwa hiyo kuwa mtu aliyewafungulia Wareno mlango wa Bahari ya Hindi. Sifa hiyo, au lawama hiyo, imeifunika kazi aliyoifanya kwa umri wake wote. Kazi yenyewe ilikuwa kuitambua miamba, mafungu ya mchanga, milango ya maji na mahali salama pa kutia nanga, kisha kuyahifadhi maarifa hayo katika ushairi na nathari ili vyombo visiangamie.

Alizaliwa Julfar, mji wa bandari katika Ghuba uliokuwa mahali panapoitwa leo Ras al-Khaimah. Mwaka wa kuzaliwa kwake haujulikani kwa yakini. Wataalamu wengi huuweka katika miaka ya 1430. Ukoo wake ulikuwa wa mabaharia. Babu yake alikuwa malimu, yaani mwongozaji wa vyombo, na baba yake vilevile. Baba huyo alisifika kwa kuzijua pwani zote mbili za Bahari ya Shamu, ile ya Uarabuni na ile ya Afrika, naye alitunga shairi refu la zaidi ya beti 1,000 kuhusu bahari hiyo. Inafaa wanafunzi wa ushairi wakumbuke kwamba bayt ya Kiarabu ni mshororo mmoja wenye vipande viwili, wala si ubeti wetu wa mishororo minne. Hata hivyo, mishororo 1,000 kuhusu miamba na upepo ni mzigo mkubwa wa maarifa kwa kichwa cha mtu mmoja.

Si ajabu kwamba familia hii iliishughulikia Bahari ya Shamu kwa bidii kubwa. Kingo zake zote mbili zimezungukwa na matumbawe. Baadhi ya miamba huonekana maji yanapokupwa, mingine hukaa chini kidogo ya uso wa maji, na mingine husimama peke yake mbali na nchi kavu, mahali ambapo mgeni hudhani kuna kilindi. Jua likiwa nyuma ya chombo, mtu aliyekaa juu huweza kuuona mwamba kwa rangi ya maji: buluu iliyokoza ni kina kirefu, kijani ni maji madogo, hudhurungi ni hatari iliyo karibu mno. Jua likiwa mbele, mng'ao huyafunika yote hayo. Ndiyo sababu katika maji hayo vyombo vilisafiri mchana na kutia nanga usiku nyuma ya miamba, na ndiyo sababu malimu alihitaji kuijua kila hori ambamo nanga ingeshika.

Ibn Majid alirithi maarifa hayo, lakini hakuyapokea kama yalivyo. Aliyapima aliyofundishwa, akayasahihisha baadhi ya maelezo ya baba yake, na kuwakosoa pia watu watatu mashuhuri wa zamani ambao mabaharia waliwaheshimu kwa jina la simba. Yeye mwenyewe alijiita wa nne wao. Majivuno hayo yanaweza kumkera msomaji wa leo. Lakini katika taaluma yake makosa hayakusahihishwa kwa wino. Yaliweza kulipiwa kwa chombo kizima pamoja na watu waliokuwamo, na mtu asiyejiamini hakufaa kuongoza.

Mwaka wa 1462 alikamilisha shairi refu la kwanza lenye tarehe inayojulikana, Hawiya, la beti zaidi ya 1,000 zilizogawanywa katika sura 11, kuhusu misingi ya elimu ya bahari. Kati ya kazi takriban 40 zinazonasibishwa naye, nyingi ni mashairi, na sehemu kubwa imetungwa kwa bahari ya rajaz, ambayo kwa wepesi wa mapigo yake hukaribiana na tenzi zetu. Uamuzi huo ulikuwa na faida ya kikazi. Malimu aliyeghani beti zake kwa sauti kando ya usukani hakuhitaji taa wala karatasi iliyolowa. Isitoshe, vina na mizani vilimlinda dhidi ya usahaulifu, kwani neno lililobadilishwa kizembe lingeuvuruga mshororo na sikio lingegutuka. Wahakiki wanaoyaona mashairi ya aina hii kuwa kazi kavu isiyo na usanii hawana budi kujiuliza ni tungo ngapi za kisanii zimewahi kuyaokoa maisha ya wasikilizaji wake.

Kitabu chake kikubwa, Kitab al-Fawa'id, ni cha nathari, naye alikikamilisha takriban mwaka wa 1490. Kina sehemu 12. Ndani yake anaeleza duru ya dira yenye pande 32 zilizoitwa kwa majina ya nyota zinazochomoza na kutua. Anaeleza namna ya kupima kimo cha nyota kwa kidole, kipimo ambacho ni sehemu moja kati ya 224 za duara. Kwa kazi hiyo mabaharia walitumia kibao kidogo chenye uzi wenye mafundo. Nyota ya Kaskazini ilipokuwa chini mno karibu na ikweta, walihamia kwenye nyota nyingine za kaskazini zilizokuwa bado zikionekana. Sehemu ya mwisho ya kitabu inairudia Bahari ya Shamu, ikiifuata miamba na visiwa vyake kwa undani ambao ni mtoto wa nyumba ile tu angeweza kuwa nao.

Maarifa hayo hayakuwa ya nyota pekee. Ibn Majid anazihesabu pia ishara za kukaribia nchi kavu: ndege, mwani, rangi ya maji, udongo unaopandishwa na bildi, na nyoka wa baharini wanaoonekana chombo kikikaribia pwani ya India. Anamtaka malimu aukague mwili wa chombo kingali nchi kavu, achunge usingizi wake, na asimwachie mwingine dhamana yake.

Msomaji wa Kiswahili akikifungua kitabu hiki hukutana na jamaa zake. Malimu ni mu'allim, rubani ni rubban, dira inatokana na neno la duara, na bildi ni buld ya mabaharia wa Kiarabu. Kusi analotumia mvuvi wa Lamu linafanana na kaws ya Ibn Majid, na demani lina ndugu yake humo. Matlai, jina la upepo wa mashariki, latokana na neno la mahali pa kuchomoza kwa nyota. Hata siku za safari alizihesabu tangu Nairuzi, mwaka mpya wa jua ambao mabaharia wa pwani yetu nao waliutumia. Pwani hii yenyewe ina shairi lake, Sufaliya, linaloeleza njia za kusini kupitia Kilwa hadi Sofala. Shairi hilo lilihifadhiwa pamoja na mengine mawili katika mswada uliokuwa Leningrad, na lilichapishwa mwaka wa 1957.

Sasa turudi kwenye lawama. Vasco da Gama alifika Malindi Aprili 1498. Siku chache kabla, moja ya merikebu zake, São Rafael, ilikuwa imekwama kwenye fungu karibu na Mtangata, katika pwani ya Tanga. Alihitaji mtu anayeijua bahari. Mfalme wa Malindi alimpa rubani. Waliondoka tarehe 24 Aprili, na tarehe 20 Mei walikuwa karibu na Calicut. Shajara ya mmoja wa waliosafiri haimtaji rubani huyo kwa jina. Wanahistoria Wareno wa karne ya 16 walimwita Mgujarati, na jina walilolitoa, Malemo Cana, halina hata chembe ya Ibn Majid: Malemo ni malimu wetu huyu huyu, na Cana yaelekea kuwa cheo cha Kihindi cha mnajimu. Aliyemhusisha Ibn Majid na safari hiyo ni al-Nahrawali, mwandishi wa Makka aliyezaliwa mwaka wa 1511, miaka 13 baada ya tukio lenyewe, ambaye alidai kuwa rubani alileweshwa na Wareno. Katika miaka ya 1920 mtaalamu Mfaransa Gabriel Ferrand alilikubali dai hilo, likaenea vitabuni. Sufaliya ina mishororo inayowataja Wareno, lakini baadhi ya watafiti wanaiona kuwa nyongeza ya mkono mwingine.

Ushahidi huo ni hafifu mno kumhukumu mtu. Wareno wenyewe walidhihirisha wakati wa kurudi kwamba hawakuwa wamejifunza elimu ya malimu. Waliondoka India mwanzoni mwa Oktoba, kabla kaskazi halijashika, wakakaa baharini takriban miezi mitatu, na wengi wakafa kwa kiseyeye. Januari 1499 waliichoma moto São Rafael kwa sababu mabaharia waliosalia hawakutosha. Aliyeyasoma maandishi ya Ibn Majid kuhusu misimu asingeng'oa nanga wakati huo.

Shairi lake la mwisho lenye tarehe ni la mwaka wa 1500. Baada ya hapo hasikiki tena, na kaburi lake halijulikani. Vitabu vyake viliendelea na safari. Mwaka wa 1554 amiri wa Kituruki, Sidi Ali Reis, alivitumia kwa wingi alipoandika kitabu chake kuhusu Bahari ya Hindi. Miaka 300 baadaye, mwaka wa 1854, msafiri Mwingereza Richard Burton aliwakuta mabaharia wa Aden wakimsomea Fatiha Sheikh Majid kabla ya kuingia baharini, wakiamini kwamba ndiye aliyeibuni dira.