Siti binti Saad, Muuza Vyungu wa Fumba

Muhula uliopita mwalimu mlezi wa chama chetu alimtafuta mtu wa kughani shairi peke yake katika tamasha la muziki. Darasa zima kimya! Mimi moyo ulikuwa unataka, lakini mkono ulikataa kuinuka. Mnakumbuka siku ile niliposoma habari gwarideni, lugha ya mama ikaniponyoka katika neno moja tu? Shule nzima iliangua kicheko, na mpaka leo kuna wanaoniita kwa neno hilo. Tangu hapo nilijiambia kuwa kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake.

Mwalimu hakunigombeza. Alinituma maktabani nikasome maisha ya Siti binti Saad, kitabu kilichoandikwa na Shaaban Robert. Hebu niwasimulie.

Siti alizaliwa mnamo mwaka wa 1880 hivi katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa, na kweli alizaliwa katika ukoo wa watumwa. Utumwa ulikuja kuondolewa kisheria Zanzibar mwaka wa 1897, naye tayari ni msichana mkubwa. Shule hakwenda. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na Siti akajifunza kazi hiyo hiyo. Alikuwa akijitwika vyungu na kwenda kuviuza mjini huku akivinadi kwa sauti. Sauti hiyo, jamani, ilisikika mbali!

Mwaka wa 1911 alifanya jambo ambalo wengi wetu tungeliogopa. Aliacha kijiji na kuhamia mjini. Hakuwa kigoli tena, umri ulikuwa umepita miaka thelathini. Huko hakuwa na mali wala jina kubwa la kumlinda. Lakini angalieni alivyofanya. Hakukimbilia jukwaani siku aliyofika. Alikutana na mwanamuziki Ali Muhsin, akakubali kuwa mwanafunzi wake, akafundishwa kuimba. Baadaye ndipo akaungana na wenzake akina Subeti Ambar, Buda Swedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban, wakawa kundi moja. Watu wakampa jina la heshima, Siti, yaani bibi.

Wakati huo taarabu ya jumba la Sultani ilikuwa ya Kiarabu. Siti aliimba kwa Kiswahili, lugha ya mama mpika maandazi na baba mchukuzi. Basi wenye wivu hawakukosekana. Walimtungia wimbo wa kumkejeli, ati hana uzuri, ati alikuwa mtu lini huyu wa shamba. Nilipofika hapo nilisimama kusoma kidogo, maana nilijiona mimi gwarideni. Siti hakununa wala hakurudi Fumba. Naye alijibu kwa wimbo, akaeleza kuwa sura na nasaba si hoja, hoja ni akili.

Mwaka wa 1928 alivuka bahari mpaka Bombay, Bara Hindi, mji ambao siku hizi huitwa Mumbai. Huko akarekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice. Mwanamke wa pwani yetu kurekodi nyimbo za Kiswahili lilikuwa jambo geni kabisa. Je, zisingenunuliwa? Je, angerudi kuchekwa mara ya pili? Alikwenda. Santuri zikanunuliwa sana, na sauti ya muuza vyungu ikasikika hata katika miji ambayo mwenyewe hakupata kuiona.

Sifa hazikumfanya aogope kusema kweli. Katika wimbo wa Kijiti alisimulia kisa cha mwanamke aliyeuawa. Muuaji akatorokea bara, na wanawake waliotoa ushahidi ndio wakafungwa. Kuilaumu mahakama wakati wa ukoloni hakukuwa mchezo. Siti alifariki tarehe 8 Julai, 1950, lakini hakusahaulika. Wanahabari wanawake wa Tanzania waliliita gazeti lao Sauti ya Siti.

Nilipofunga kitabu niligundua kosa langu. Nilidhani watu ni wa aina mbili tu, waoga na wasiojali. Kumbe Siti hakuwa katika kundi lolote. Alijua kuwa mvumbika changa hula mbovu, kwa hiyo alijifunza kwanza, akatafuta wenzake wa kumshika mkono, halafu akathubutu. Mimi gwarideni nilisoma karatasi niliyopewa dakika tano kabla. Kilichokosekana ni maandalizi, si sauti.

Kesho yake nilimwendea mwalimu, nikamwomba aandike jina langu. Kila jioni, kabla ya kengele ya chakula, mimi na wenzangu wawili hufanya mazoezi nyuma ya bwalo. Neno lile lililonitia aibu limo katika shairi, tena katika ubeti wa kwanza! Mwalimu alitaka kulibadilisha, nikamwambia aliache. Ulimi bado huteleza mara moja moja, na wenzangu hucheka, nami siku hizi hucheka pamoja nao kisha nikarudia.

Wewe je, msomaji mwenzangu, mkono wako uko wapi? Kama uko chini ya dawati, anza kujiandaa leo, kisha uuinue. Kwaherini.