Emil Torday, Mhungaria aliyekusanya visu na simulizi zake

Emil Torday alizaliwa Hungaria mwaka 1875. Alifanya kazi benki mjini Brussels, na mwaka 1900 akaenda Kongo. Kati ya 1907 na 1909 alikusanya vitu vya Kasai kwa ajili ya Jumba la Makumbusho la Uingereza.

Wakusanyaji wengi walibeba silaha tu. Yeye aliwauliza wazee. Wakuba walimsimulia kuwa mfalme wao Shyaam, wa karne ya 17, alipiga marufuku shongo, kisu cha kurusha vitani. Ndiyo maana sanamu ya Shyaam imeshika ikul, kisu cha amani. Bila wazee hao, nani angevitofautisha?

Hata hivyo sanamu hiyo nayo iliondoka Kasai. Iko London, alikofariki Torday mwaka 1931.