Ebenezer Howard: karani aliyetaka mji na shamba viishi pamoja

Siku hizi kila halmashauri inazungumzia mji wa kijani. Miti inapandwa kando ya barabara, bustani zinafunguliwa, viongozi wanapigwa picha. Lakini wewe msikilizaji wetu unayelima pembezoni mwa mji una swali lako: mji ukipanuka, shamba langu litakuwaje, na faida itakwenda kwa nani? Yupo mtu aliyelishughulikia swali hilo zaidi ya miaka 120 iliyopita. Leo tunamtazama Ebenezer Howard wa Uingereza.

Howard alizaliwa London Januari 29, 1850, mtoto wa muuza mikate na keki. Aliacha shule akiwa na miaka 15, akawa karani. Mwaka 1871 alivuka bahari kwenda Marekani kujaribu kilimo katika jimbo la Nebraska. Kilimo kilimshinda. Akahamia Chicago, mji uliokuwa umeteketea kwa moto mwaka huohuo, akauona ukijengwa upya. Huko alifanya kazi ya hatimkato, yaani kuandika kwa alama za haraka maneno ya mtu anapozungumza.

Mwaka 1876 alirudi London, akaajiriwa kuandika mijadala ya Bunge. London ya wakati ule ilikuwa na moshi, vyumba vya kubanana na maradhi. Vijijini nako vibarua walikuwa wakiondoka kwa kukosa kazi na ujira wa maana. Howard aliona kuwa mambo hayo mawili ni tatizo moja.

Mwaka 1898 alichapisha kitabu chenye mpango wake. Alipendekeza mji wa bustani katika eneo la ekari 6,000. Mji wenyewe ungechukua ekari 1,000 tu, na ekari 5,000 zingebaki za kilimo kuuzunguka. Watu wangekuwa 32,000: 30,000 mjini na 2,000 mashambani. Mkulima angepata soko mlangoni kwake, na taka za mji zingerudi shambani kuwa mbolea. Mji ukijaa, usimeze mashamba. Ujengwe mwingine ng'ambo yake, uunganishwe kwa reli.

Hata hivyo, moyo wa mpango ule ulikuwa ardhi. Howard alijua kwamba shamba likigeuka mji, bei yake hupanda sana. Kwa hiyo ardhi yote inunuliwe kwa bei ya shamba na ishikwe kwa niaba ya wakazi wote. Kila mtu alipe kodi ya pango. Thamani ikipanda, ziada ilipe deni, kisha igharamie barabara, shule, bustani na hata malipo ya wazee.

Wengi walimwona mwota ndoto. Lakini mwaka 1903 kampuni iliyoanzishwa kutekeleza mpango huo ilinunua takriban ekari 3,800 huko Letchworth, kaskazini mwa London. Wawekezaji waliwekewa kikomo cha faida: asilimia 5 kwa mwaka. Fedha zilikuja polepole, na azma ya kuwakabidhi wakazi ardhi ikacheleweshwa. Howard hakukata tamaa. Mwaka 1919 alinunua ardhi nyingine mnadani, huku hana fedha za kutosha, na hapo ukazaliwa mji wa Welwyn. Alihamia huko, akafia huko Mei 1, 1928. Hakuwahi kuwa tajiri.

Mawazo yake yaliingia katika sheria. Mwaka 1909 halmashauri za Uingereza zilipewa mamlaka ya kuandaa mipango miji. Mwaka 1938 sheria nyingine ilizisaidia halmashauri za London na jirani zake kulinda ukanda wa kijani kuzunguka jiji. Wafanyabiashara walipotaka kuitwaa Letchworth ili wavune thamani ya ardhi yake, Bunge lilipitisha sheria mwaka 1962 kuiweka chini ya shirika la umma. Leo mapato ya ardhi ile yanarudi kwa wakazi.

Afrika Mashariki ilipata nusu ya wazo hili. Watawala wa kikoloni walileta miti, bustani na viwanja vipana vya uzunguni, huku Waafrika wakibanana kwingine. Mgawo wa thamani ya ardhi, ambao ndio uliobeba mpango mzima, haukuja.

Kwa hiyo halmashauri yako ikitangaza mpango mpya wa mji, nenda mkutanoni ukaulize mambo matatu. Mashamba yapi yatabaki mashamba, na yanalindwa na sheria gani? Taka zitakwenda wapi? Na ardhi hii ikipanda bei, ziada itaingia mfuko gani? Miti tuipande, ndiyo. Ila diwani asiondoke ukumbini kabla ya kulijibu hilo la tatu.