Duke wa Aosta na Ndege Zilizoteketea Uhabeshi

Mwanafunzi wa hapa Kenyenya akiulizwa kuhusu ndege za mabomu za Vita Vikuu vya Pili, aghalabu atataja London, Berlin au Hiroshima. Ni nadra kumpata atakayetaja Wajir au Malindi. Ilhali Wajir ilipigwa mabomu Juni 1940, siku chache tu baada ya Italia kuingia vitani, na Malindi ikafikiwa Oktoba mwaka uo huo. Aliyekuwa amiri wa majeshi yaliyozituma ndege hizo amezikwa Nyeri. Ni Amedeo, Duke wa Aosta.

Alizaliwa Turin, Italia, tarehe 21 Oktoba 1898, katika ukoo wa kifalme. Akiwa na umri wa miaka 16 alijitosa katika Vita Vikuu vya Kwanza kama askari wa kawaida wa mizinga. Baadaye alikwenda Kongo ya Wabelgiji, akaficha jina lake na kufanya kazi ya mshahara kama mtu yeyote yule. Kisha akajifunza urubani, akaruka juu ya jangwa la Libya wakati Italia ilipokuwa ikiwakandamiza Wasenusi. Wanaomsifu hupenda kulipita jambo hili haraka. Mwaka 1932 aliingia rasmi katika jeshi la wanahewa, na mwishoni mwa 1937 akateuliwa naibu wa mfalme katika Afrika Mashariki ya Italia, yaani Uhabeshi, Eritrea na Somalia. Alichukua nafasi ya Graziani, ambaye utawala wake uliwaua raia kwa maelfu mjini Addis Ababa mwezi Februari mwaka huo. Duke alikuwa mpole kuliko mtangulizi wake. Hata hivyo, upole wa mtawala haukuwarudishia Wahabeshi nchi yao.

Vita vilipozuka, daftari zake zilionyesha ndege zaidi ya 300, zikiwemo za akiba. Kwa hesabu hiyo tupu, Kenya ilikuwa hatarini kweli. Lakini nyingi za ndege zake za mabomu zilikuwa Caproni Ca.133, zenye injini tatu na mwendo wa kobe. Zilitosha kuwapiga Wahabeshi mwaka 1935 na 1936, kwa kuwa hapakuwa na wa kuzizuia angani. Zilipokutana na Hurricane za marubani wa Afrika Kusini waliotumwa Kenya, zikawa vifaranga mbele ya mwewe. Kila moja iliyoanguka iliweza kwenda na wahudumu wake, na kupata wengine wa kushika nafasi zao kulihitaji safari ya hatari kutoka Libya.

Hapo ndipo palipokuwa na kiini cha mambo. Mfereji wa Suez ulikuwa mikononi mwa Waingereza. Petroli, magurudumu na vipuri havikuweza kuja kwa meli. Waitalia walijaribu hata kuzipakia ndege ndogo za kivita, zikiwa zimekongolewa, ndani ya tumbo la ndege kubwa na kuzivusha jangwani usiku. Juhudi hizo hazikutosha. Ndege moja ilivuliwa vifaa ili nyingine iruke, na nyingi ziliteketea zikiwa chini, viwanjani Diredawa na Addis Ababa, mnamo Machi na Aprili 1941. Addis Ababa ilipotekwa tarehe 6 Aprili, rubani huyu wa ukoo wa kifalme alikuwa amebakiwa na ndege za kuhesabika kwa vidole.

Upande wa pili nao ulipoteza watu. Agosti 1940 Meja Preller wa Afrika Kusini aliangushwa na ndege yake ya mabomu huko Somalia, akatembea nyikani siku nyingi kabla ya kuwafikia wenzake.

Duke alipanda mlima Amba Alagi na askari wake, akapigana kama mtu wa miguu, na kusalimu amri Mei 1941. Waingereza walimpa heshima za kijeshi, wakamweka kizuizini karibu na Donyo Sabuk. Malaria na kifua kikuu vilimuua jijini Nairobi tarehe 3 Machi 1942, akiwa na miaka 43. Katika kanisa la Waitalia huko Nyeri amelazwa pamoja na mabaki ya askari 676, na majina yameandikwa ukutani.

Nani ameandika majina ya wetu? Vijana wa Gusii, wakati huo sehemu ya Wilaya ya Kavirondo Kusini, waliandikishwa katika KAR na katika vikosi vya kazi. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba Waafrika wengi waliokufa, hasa katika vita vya kwanza, hawakukumbukwa sawa na Wazungu. Waliopigana mwaka 1941 karibu wote wametutoka. Watoto wao wangali hai, nao ni wazee waliokwisha kuona medali zilizofungiwa sandukuni. Mwalimu wa Kenyenya anayetafuta kazi ya somo la historia kwa muhula ujao na awatume wanafunzi wake kwa wazee hao, wakiwa na kalamu na daftari.