FUNDI KONDE, GITAA LA KILIFI



Ukiingia darasa lolote hapa kwetu Pwani ukauliza shujaa wa Wagiriama ni nani, utajibiwa kabla hujamaliza swali kwamba ni Mekatilili wa Menza. Ni haki yake mama yule. Lakini hebu uliza pia ni Mgiriama gani aliyechukua gitaa akawachezesha dansi watu wa Mombasa, Nairobi hadi Kampala, kabla hata Kenya haijapata uhuru. Hapo utaona watu wanatazamana tu. Ndiyo maana mwaka huu nimeshika kalamu nikueleze habari za Fundi Konde.

Fundi Konde alizaliwa mwaka 1924 katika kijiji cha Mwabayanyundo, upande wa Kaloleni, katika iliyokuwa Wilaya ya Kilifi. Ilikuwa miaka kumi tu tangu Wagiriama wapigane na serikali ya Waingereza mwaka 1914. Nchi ilikuwa chini ya mkoloni, na kodi ya kichwa ilikuwa inawasukuma wanaume kwenda kutafuta vibarua mbali na kwao. Lakini kazi ngumu haikuwanyamazisha watu. Mtoto wa Kigiriama hukua akisikia ngoma na kayamba harusini na hata matangani. Kayamba halina maneno mengi. Ni mabua yaliyofungwa pamoja na mbegu ndani, ukilitikisa linatoa mlio kama mvua juu ya makuti. Nikizisikiliza nyimbo za Konde, zile njuga zinazotikiswa nyuma ya gitaa hunikumbusha kayamba la nyumbani, ingawa waliozipiga walizijua pia kupitia rumba ya Kuba iliyokuwa ikiingia Afrika kwa santuri.

Sasa tuje kwenye jambo lililomtoa kijijini likampeleka duniani. Vita Vikuu vya Pili vilipoanza mwaka 1939, Waingereza waliandika vijana wetu kwa maelfu katika jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita keya. Keya ilikusanya vijana kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Wengi walipelekwa kupigana na Wajapani huko Burma. Mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki walikuwa wakisonga mbele katika mabonde na misitu ya Burma, mvua inanyesha, matope magotini, malaria nayo haimwonei mtu huruma.

Jeshi lilitambua kwamba askari aliye mbali na kwao anahitaji pia kitu cha kumtuliza roho. Basi likaunda kikosi cha burudani, na Fundi Konde akawa mmoja wao. Kikosi hicho kilizunguka India, Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, na Burma kikiwaburudisha askari. Hebu fikiri, msomaji mwenzangu, kijana wa Kaloleni aliyekuwa na umri wa miaka ishirini au karibu na hapo, yuko upande wa pili wa Bahari ya Hindi, mbele yake umati wa askari wa makabila mengi. Awaimbie kwa lugha gani? Kigiriama kingewafikia wachache. Lugha iliyowaunganisha wengi katika keya ilikuwa Kiswahili. Naona hapo kuna somo kubwa kwa sisi wa Chama cha Kiswahili. Kabla lugha hii haijaandikwa katika katiba yoyote ya Afrika Mashariki, wanamuziki na askari walikuwa wameshaifanya lugha ya kuondoleana upweke.

Vita vilikwisha mwaka 1945. Wengine walirudi na majeraha, wengine hawakurudi. Baadhi ya wanamuziki wa kile kikosi hawakutaka kuweka ala zao chini. Walijiunga pamoja wakaitwa Rhino Band, wakaanzia Kampala na baadaye wakaja Mombasa. Fundi Konde alikuwa miongoni mwao. Kwa hivyo muziki wa dansi uliopendwa sana Kenya baada ya vita, mzizi wake mmoja uko katika kambi za askari.

Kisha akafika Nairobi, na huko ndiko nyota yake ilikong'aa. Nyimbo zake zilianza kurekodiwa mwaka 1947 au karibu na hapo. Alifanya kazi na Peter Colmore, Mwingereza aliyekuwa akitayarisha nyimbo na matangazo mjini Nairobi. Siku hizo kurekodi si mchezo! Hakukuwa na kompyuta ya kukata sehemu mbaya na kubandika nzuri. Waliimba na kupiga wote kwa pamoja, na mmoja akikosea, wote wanarudia mwanzo. Santuri zenyewe zilizunguka mara 78 kwa dakika moja, na upande mmoja ulibeba muziki wa kama dakika tatu tu. Zilikuwa ngumu lakini zenye kuvunjika upesi kama sahani ya udongo. Mtunzi alilazimika kusema alilo nalo ndani ya dakika hizo tatu, kisha anyamaze. Ukisikiliza nyimbo zake utaona hakuna neno la kupoteza.

Sifa yake kubwa zaidi ni gitaa la umeme. Fundi Konde hutajwa kuwa miongoni mwa wapigaji wa kwanza kabisa nchini Kenya kulitumia katika kurekodi. Kwa nini jambo hilo ni kubwa? Gitaa kavu hutegemea tumbo lake la mbao kutoa sauti. Ukilileta ukumbini penye ngoma, klarineti na miguu mia inayokanyaga sakafu, linamezwa. Gitaa la umeme lina sumaku zilizozungushiwa nyaya chini ya nyuzi. Uzi ukitetemeka, umeme mdogo huzaliwa, na amplifaya huukuza hadi ukatoka katika spika. Basi gitaa likapata nafasi ya kusimama mbele na kuimba pamoja na mwimbaji. Lakini yeye hakulitumia kupiga makelele. Gitaa lake ni la upole na linatembea polepole, na sauti yake mwenyewe ni kama ya mtu anayekusimulia jambo barazani jioni.

Ndivyo zilivyozaliwa nyimbo kama vile Tausi, Mama Sowera, Kipenzi Waniua na Majengo Siendi Tena. Nyingi zinahusu mapenzi, raha na taabu za maisha ya mjini. Wapo wanaosema nyimbo za namna hiyo ni za starehe tu, hazina fundisho. Mimi siafikiani nao. Kijana aliyeacha shamba la babake akaenda kuishi chumba kimoja mjini, peke yake, bila mama wala shangazi wa kumpa shauri, alihitaji mtu wa kumwambia kwamba moyo wake si wa kwanza kuvunjika.

Hapa nataka kumlinganisha na mtu mwingine. Huko Mississippi, Marekani, mwaka 1925 alizaliwa B.B. King, mwaka mmoja tu baada ya Konde. Naye alizaliwa katika familia ya wakulima, akafanya kazi katika mashamba ya pamba, akashika gitaa la umeme, na akaanza kurekodi mwaka 1949, baada ya Konde wetu. Muziki wake ni blues, ule wa Wamarekani weusi wa kuyageuza machungu yakawa wimbo. B.B. King alipofariki mwaka 2015 dunia nzima ilitangaziwa. Konde alipofariki mwaka 2000, ni Wakenya wangapi waliojua? Sisemi walikuwa sawa kwa kila kitu. Nasema mmoja alikuwa na watu wa kumwandika na kumtunza, na mwingine alitegemea kumbukumbu zetu, nasi tukasahau.

Kusahauliwa huko kulianza mapema. Miaka ya 1960 ilikuja na mitindo mipya, twist na benga, na rumba ya Kongo ikapata nguvu. Vijana wakafuata wimbi. Jambo lingine lililowaumiza wanamuziki wa enzi zile ni malipo. Desturi ilikuwa mwimbaji analipwa mara moja, anakwenda zake, na santuri inaendelea kuuzwa miaka na miaka. Tazama kisa cha wimbo Malaika uliorekodiwa na Fadhili William. Umeimbwa na Miriam Makeba na Boney M, lakini hadi leo watu bado wanabishana ni nani hasa aliyeutunga. Mali bila daftari huishia bila habari.

Hata hivyo Mungu hamtupi mja wake. Katika miaka yake ya mwisho, bendi ya Them Mushrooms, vijana wa Pwani hii hii, ilimtafuta mzee ikarekodi naye nyimbo zake upya. Mwaka 1994 tena ukatoka mkusanyo wa nyimbo zake za kati ya 1947 na 1956. Watu ambao hawakuwa wamezaliwa wakati wa Burma wakaanza kumsikia redioni katika vipindi vya zilizopendwa. Alifariki mwaka 2000 akiwa ameshaona kwamba kazi yake imerudi kwa watu. Ni wasanii wachache wanaopata bahati hiyo wakiwa hai.

Sisi tunajifunza nini? Kwanza, hapa shuleni wako wenzetu wenye vipaji, na mara nyingi huambiwa nyumbani kwamba gitaa ni uhuni. Wazazi wetu wana sababu ya kuogopa, maana wameona wanamuziki wengi wakifa maskini. Lakini dawa ya umaskini huo si kuvunja gitaa. Dawa ni kujua haki. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda kazi ya mtunzi wa muziki katika maisha yake na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Piga hesabu mwenyewe: tungo za mtu aliyefariki mwaka 2000 zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2050. Basi wewe unayetunga mashairi ya nyimbo nyuma ya daftari la hesabu, andika jina lako na tarehe, na usitie sahihi karatasi yoyote kabla ya kuisoma hadi mstari wa mwisho.

Pili, tusiwangoje wageni watuandikie watu wetu. Kaloleni si mbali. Wazee waliocheza dansi kwa santuri hizo wanazidi kupungua kila mwaka, na kila mmoja akiondoka anaondoka na kurasa zake. Naomba chama chetu kitenge siku moja katika likizo ijayo, kila mwanachama akae na mzee mmoja wa kwao, amuulize waliimba nini na walicheza wapi, na aandike. Toleo lijalo la gazeti hili halitakosa cha kuchapa.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Cha Fundi Konde kilikuwa chema. Kilichobaki ni sisi wenyewe kukijua ni chetu.