Kamaraj: Mtawaza wakuu aliyebwagwa mlangoni pake

WAPIGAKURA wa jimbo la Madras, kusini mwa India, walipofika vituoni Februari 1967 kuchagua wabunge wa jimbo lao, ni wachache waliodhani kwamba kiti cha Virudhunagar kingezua kishindo.

Mgombeaji wa chama tawala cha Congress katika eneobunge hilo alikuwa K. Kamaraj, mzaliwa wa mji huo huo. Alikuwa ameliongoza jimbo kwa zaidi ya miaka 9 akiwa waziri kiongozi, na wakati huo alikuwa rais wa chama chake katika taifa zima. Katika muda usiofika miaka 2 alikuwa amewatawaza mawaziri wakuu wawili wa India. Mpinzani wake, P. Seenivasan wa chama cha DMK, alikuwa kijana aliyepata jina katika maandamano ya wanafunzi.

Kura zilipohesabiwa, Seenivasan alikuwa na 33,421 na Kamaraj 32,136. Kwa tofauti ya kura 1,285, mtu aliyeamua nani aketi katika kiti cha juu kabisa New Delhi alikosa kiti katika bunge la kwao.

Kamaraj alizaliwa Julai 15, 1903 katika jamii ya Wanadar, ambao kazi yao ya jadi ilikuwa ugema. Kwa karne nyingi watu wa tabaka hilo walihesabiwa kuwa wa chini, wakazuiwa hata kuingia katika baadhi ya mahekalu. Katika miji kama Virudhunagar walikuwa wameanza kujiinua kwa biashara, na baba yake alikuwa mfanyabiashara mdogo. Baba huyo alifariki mtoto akiwa bado mdogo, na masomo yakakatika kabla ya kumaliza shule ya msingi. Kijana akawekwa katika duka la nguo la mjomba wake.

Dukani hakukaa sana. Mauaji ya Amritsar ya mwaka 1919, ambapo wanajeshi chini ya amri ya afisa Mwingereza waliufyatulia risasi umati usio na silaha, yalimtia katika siasa angali na umri wa miaka 15. Akajiunga na Congress, akawa mtu wa kubeba bendera na kukusanya michango. Mwaka 1930 alishiriki katika maandamano ya chumvi ya Vedaranyam yaliyoongozwa na C. Rajagopalachari, akafungwa. Kwa jumla alikaa gerezani takriban miaka 8 kwa vipindi mbalimbali. Hakuoa.

Uchaguzi ulimpenda mapema. Mwaka 1937 aliingia katika bunge la Madras bila kupingwa. Mwaka 1941, akiwa kifungoni, wenyeji wa Virudhunagar walimchagua kuwa mwenyekiti wa halmashauri ya mji. Alipoachiliwa alikwenda katika ukumbi wa halmashauri, akajiuzulu mara moja, kwa kuwa aliona si haki kushika cheo ambacho hangeweza kukitumikia barabara. Kitendo hicho kidogo kinafaa kukumbukwa, maana miaka 22 baadaye alikifanya tena mbele ya taifa zima.

Tangu 1940 Kamaraj alikuwa mwenyekiti wa Congress katika nchi ya Watamil, na huko ndiko alikojenga nguvu zake halisi. Alijua majina ya viongozi wa matawi, wilaya kwa wilaya, na migogoro yao. Hakuwa msemaji hodari, na Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha. Rajagopalachari, mwanasheria Mbrahmin mwenye elimu kubwa, ndiye aliyekuwa sura ya chama. Kamaraj alikuwa mifupa yake.

Wawili hao waligongana mwaka 1954. Rajagopalachari, akiwa waziri kiongozi, alikuwa ameanzisha mpango wa elimu ambao watoto wa vijijini wangesoma nusu ya siku na kuitumia nusu nyingine kujifunza kazi ya wazazi wao. Kwa watu wa matabaka ya chini maana yake ilikuwa wazi: mtoto wa mgema abaki mgema, wa kinyozi abaki kinyozi. Upinzani ulipozidi hata ndani ya chama, Rajagopalachari aling'atuka na Kamaraj akala kiapo Aprili 13, 1954. Mpango ule ulitupwa. C. Subramaniam, aliyeshindana naye kuwania uongozi, na M. Bhaktavatsalam, aliyempigia Subramaniam debe, wote wawili wakapewa wizara.

Yaliyofuata yalimfanya apendwe kuliko kiongozi yeyote wa Congress katika jimbo hilo. Maelfu ya shule zilifunguliwa. Ada ikaondolewa hatua kwa hatua. Mwaka 1956 serikali ilianza kueneza mpango wa chakula cha mchana shuleni, kwa hoja rahisi kwamba mtoto mwenye njaa hasomi, na mzazi maskini atampeleka shuleni mtoto ambaye huko atakula. Wakubwa wa hazina waliuliza fedha zitatoka wapi. Kamaraj alikwenda vijijini kuomba michango ya nafaka na akaendelea. Mabwawa ya Vaigai na Sathanur yakajengwa, maji ya kunyunyizia mashamba yakafika palipokuwa pakavu, na viwanda vikubwa vikavutwa kuja kusini.

Yeye mwenyewe hakujinufaisha. Inasimuliwa kwamba halmashauri ya Virudhunagar ilipomwekea mama yake bomba la maji nyumbani, mwana aliamuru likatwe, mama achote bombani pamoja na majirani.

Sanduku la kura lilimlipa. Mwaka 1957 Congress ilipata viti 151 kati ya 205 vya bunge la jimbo, na 139 kati ya 206 mwaka 1962. Lakini mwanya ulikuwa umeanza kuonekana. DMK, chama cha C. N. Annadurai kilichotetea lugha ya Kitamil na haki za wasio Wabrahmin, kilikuwa kimepanda kutoka viti 15 hadi 50. Katika uchaguzi wa 1962 Congress iliwaandama wabunge wa DMK waliokuwa wakitetea viti vyao, na wengi wakaanguka. Annadurai mwenyewe alishindwa mjini kwake Kancheepuram. Congress ilisherehekea. Haikutazama kwamba kiongozi alianguka huku chama chake kikizidisha wabunge zaidi ya mara 3.

Kamaraj alitazama. Aliona kwamba chama kilichozoea magari ya serikali kilikuwa kimesahau njia za vijijini. Mwaka 1963 alimpelekea waziri mkuu Jawaharlal Nehru pendekezo kwamba viongozi wakuu waache vyeo serikalini na kurudi kukijenga chama. Mawaziri 6 wa serikali kuu na mawaziri viongozi 6 wa majimbo walijiuzulu, Kamaraj akiwa miongoni mwao, Oktoba 2 mwaka huo. Wapo walioamini kwamba Nehru aliutumia mpango huo kuwaondoa wenye tamaa ya kiti chake, na huenda hawakukosea kabisa. Hata hivyo Kamaraj aliacha madaraka ambayo hakuna aliyekuwa akimnyang'anya.

Nehru alipofariki Mei 27, 1964, Kamaraj, sasa rais wa chama, alizungumza na mamia ya wabunge na viongozi wa majimbo, kisha akatangaza kwamba wengi walimtaka Lal Bahadur Shastri. Shastri alipoaga dunia ghafla mjini Tashkent Januari 11, 1966, kazi ikarudi mikononi mwake. Wapo waliomsihi aitwae nafasi hiyo mwenyewe, akakataa. Mtu asiyejua Kihindi wala Kiingereza sawasawa, kwa maoni yake, hangeweza kuitawala India. Akawakusanya mawaziri viongozi nyuma ya Indira Gandhi, ambaye alimshinda Morarji Desai kwa kura 355 dhidi ya 169.

Lakini alipokuwa akipanga ya New Delhi, nyumbani kulikuwa kukiungua.

Katiba ilikuwa imeweka Januari 26, 1965 kuwa siku ambayo Kihindi kingekuwa lugha rasmi ya taifa. Watamil waliona kwamba watoto wao wangeshindana kutafuta kazi za serikali katika lugha ya wengine. Wanafunzi wa vyuo walimiminika barabarani, na vijana kadhaa wakajichoma moto. Bhaktavatsalam, mrithi wa Kamaraj katika uwaziri kiongozi, aliwatumia polisi na jeshi, na makumi ya watu wakauawa. Kamaraj hakupendelea Kihindi kilazimishwe na alilisema hilo ndani ya chama, lakini jina la Congress lilikuwa moja, naye ndiye rais wake.

Kisha ukaja ukame, na mchele ukaadimika. Watu walipiga foleni madukani huku bei zikipanda, na mwezi Juni 1966 serikali ya Indira Gandhi ikaishusha thamani rupia, jambo lililomkasirisha Kamaraj bila yeye kuweza kulizuia. DMK iliahidi vipimo 3 vya mchele kwa rupia 1. Wajuzi wa uchumi walicheka. Mama wa nyumbani hakucheka.

Annadurai alifanya pia hesabu za muungano. Alimvuta Rajagopalachari, mzee aliyekuwa ameihama Congress na kuanzisha chama cha Swatantra, pamoja na sehemu ya wakomunisti na vyama vingine, wagawane viti ili kura za upinzani zisitawanyike. Na mnamo Januari 12, 1967, mwigizaji wa filamu M. G. Ramachandran, kipenzi cha mamilioni na mgombeaji wa DMK, alipigwa risasi na mwigizaji mwenzake. Picha yake akiwa kitandani amefungwa bandeji shingoni ilibandikwa kila kona. Alishinda bila kutoka hospitalini.

Matokeo yalikuwa gharika. DMK ilinyakua viti 137 kati ya 234, Congress ikabaki na 51. Bhaktavatsalam alibwagwa Sriperumbudur, na karibu mawaziri wake wote wakaanguka pamoja naye. Jambo la ajabu ni kwamba kwa kura za jumla Congress iliongoza, kwa asilimia 41.1 dhidi ya 40.7 za DMK, ambayo iliwaachia washirika wake viti vingi. Congress haikuwa imepoteza wafuasi wake wote; ilikuwa imepoteza faida ya maadui waliogawanyika.

Madras haikuwa peke yake. Katika West Bengal waziri kiongozi P. C. Sen alipoteza kiti chake, na katika Bihar K. B. Sahay akapatwa na hayo hayo. Hata hivyo anguko la Virudhunagar ndilo lililowashtua watu zaidi, kwa sababu Kamaraj hakushutumiwa wizi wala uzembe. Mtoto wa miaka 10 aliyekula chakula cha kwanza shuleni mwaka 1956 alikuwa na miaka 21 mwaka 1967, umri uliohitajika kupiga kura wakati huo. Haijulikani ni wangapi kati yao walimpa Seenivasan kura, ila uchaguzi huo ulikuwa wa vijana, na vijana hao walikuwa wamefundishwa kusoma mabango.

Annadurai hakufurahia anguko la mpinzani wake mkuu na aliwataka wafuasi wake wasilisherehekee. Kamaraj naye aliyapokea matokeo kama uamuzi wa wananchi. Hakulalamikia hesabu.

Hakustaafu. Alirejea katika bunge la taifa kupitia uchaguzi mdogo wa Nagercoil Januari 1969, na akakitetea kiti hicho mwaka 1971. Lakini Indira Gandhi, aliyemwinua, hakuwa tayari kuongozwa na wazee wa chama. Congress ilipasuka mwaka 1969, Kamaraj akabaki na kundi la wazee, nalo likashindwa vibaya miaka 2 baadaye. Congress haikurudi tena kuliongoza jimbo hilo, lililobadilishwa jina kuwa Tamil Nadu, kwa zaidi ya nusu karne.

Kamaraj alifariki mjini Madras Oktoba 2, 1975, miezi michache baada ya Indira Gandhi kutangaza hali ya hatari na kuwatia gerezani wapinzani wake. Aliacha nguo chache, vitabu na fedha kidogo sana. Nyumba aliyokuwa akiishi ilikuwa ya kupanga. Mwaka uliofuata serikali ilimtunuku Bharat Ratna, nishani ya juu kabisa ya India.

Mpango wake wa chakula shuleni ulipanuliwa kwa kiasi kikubwa mwaka 1982 na waziri kiongozi wa wakati huo, M. G. Ramachandran, yule mwigizaji wa bandeji.