Jackie Robinson: ukuta wa rangi ulivyovunjwa uwanjani, na igizo la wanafunzi wa Same

Katika ukurasa huu tunaandika kwa urefu yale ambayo hewani tunayapitia haraka kwa sababu ya muda. Leo tunamzungumzia mwanamichezo mmoja wa Marekani aliyefariki zaidi ya miaka 50 iliyopita. Tumelazimika kumwandikia kwa sababu ya jambo lililotokea katika shule moja ya sekondari hapa wilayani Same, tulipokwenda kurekodi kipindi chetu cha vijana.

Wanafunzi wa kidato cha tatu walikuwa wameandaa igizo bwaloni. Meza zilisogezwa ukutani, kanga mbili zikafungwa kuwa pazia, na gongo likachongwa kutoka tawi la mti. Kijana aliyecheza kama Jackie Robinson alisimama katikati. Wenzake watatu, waliojipaka unga usoni kuonyesha kwamba ni Wazungu, wakamzunguka na kuanza kumtukana. Bwalo zima likacheka. Tukiri wazi kwamba na sisi tulicheka, maana tumezoea kwamba mtu akitukanwa jukwaani, hicho ni kichekesho. Matusi yakaendelea. Yule kijana hakujibu, kwa sababu igizo lilimtaka asijibu. Baada ya muda tukaona kidevu chake kinatetemeka na mikono imekaza gongo. Kicheko kikafifia, kikaisha kabisa. Mwalimu akasimamisha igizo, akauliza swali moja tu: huyu aliyenyamaza ni mwoga au ni jasiri?

Mjadala ulichukua muda uliobaki wa kipindi na hatukupata jibu la pamoja. Ndiyo maana tunaleta hapa maisha ya mtu mwenyewe, ili kila mmoja apime.

Mtoto wa mkulima asiye na shamba

Jack Roosevelt Robinson alizaliwa tarehe 31 Januari 1919 karibu na mji wa Cairo, katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Alikuwa wa mwisho katika watoto watano. Wazazi wake walilima shamba la mtu kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi, na babu zake walikuwa wamepitia utumwa. Baba aliondoka nyumbani Jackie akiwa bado mchanga. Mama yake, Mallie, akakusanya watoto wote na mwaka 1920 akapanda nao treni hadi Pasadena, California, ambako alifanya kazi za ndani na hatimaye akapata nyumba katika mtaa wa Wazungu. Majirani hawakufurahi, lakini mama hakuhama.

Kaka yake Mack ni somo peke yake. Katika Olimpiki ya Berlin ya mwaka 1936 alishinda medali ya fedha ya mita 200, akiwa nyuma ya Jesse Owens tu. Aliporudi Pasadena, kazi aliyopata ni ya kufagia barabara. Jackie aliona kwa macho yake kwamba medali peke yake haimfungulii mtu mweusi mlango.

Yeye mwenyewe alikuwa na kipaji cha ajabu. Katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alikuwa mwanafunzi wa kwanza kupata nishani ya chuo katika michezo minne: besiboli, mpira wa Kimarekani, mpira wa kikapu na riadha. Aliacha chuo mwaka 1941 kabla ya kuhitimu, na mwaka uliofuata akachukuliwa jeshini, akafikia cheo cha luteni.

Wanaodhani kwamba Robinson alikuwa mpole wa kuzaliwa wasome sehemu hii. Julai 1944, katika kambi ya jeshi huko Texas, dereva wa basi alimwamuru ahamie viti vya nyuma, walikotakiwa kukaa weusi. Robinson alikataa. Akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, akajitetea, na akaachiwa huru. Alikuwa mtu mwepesi wa kukasirika anapoonewa, na hasira hiyo alikuwa nayo maisha yake yote.

Mchezo wenyewe na ukuta wake

Kwa wasioufahamu mchezo huu, besiboli huchezwa kwa gongo na mpira mdogo mgumu. Mrushaji wa timu moja humrushia mpira mpigaji wa timu nyingine. Mpigaji akiupata, anakimbia kupitia vituo vitatu, na akifanikiwa kurudi pale alipoanzia, timu yake inapata alama. Hapa Tanzania mchezo huu umeingia katika baadhi ya shule za sekondari kwa msaada wa Wajapani, na Azania ya Dar es Salaam ni miongoni mwa shule za mwanzo kuucheza.

Marekani ya wakati huo iliuona mchezo huu kama roho ya taifa, lakini tangu mwaka 1884 hakuna mtu mweusi aliyejulikana kuwa mweusi aliyecheza katika ligi kuu. Haikuwa sheria iliyoandikwa. Yalikuwa makubaliano ya wenye timu, yasiyosemwa mbele ya watu. Weusi walianzisha ligi zao wenyewe, na mwaka 1945 Robinson alikuwa akichezea mojawapo ya timu hizo, Kansas City Monarchs. Walisafiri usiku kwa basi, na mara nyingi walikula na kulala humohumo kwa sababu hoteli na migahawa iliwafungia milango.

Igizo la kwanza lilichezwa ofisini

Tarehe 28 Agosti 1945 Robinson aliitwa Brooklyn, New York, ofisini kwa Branch Rickey, mkuu wa timu ya Dodgers. Rickey alitaka kuvunja yale makubaliano ya kimya, kwa imani yake ya dini na pia kwa hesabu za biashara, maana alijua vipaji vilivyoachwa nje na watu weusi ambao wangenunua tiketi.

Kilichofanyika ofisini humo, kwa zaidi ya saa mbili, kilikuwa mchezo wa kuigiza. Rickey aliigiza mpokea wageni wa hoteli anayemnyima Robinson chumba. Akawa mhudumu wa mgahawa anayemfukuza mezani. Akawa mchezaji mpinzani anayemtusi mama yake. Alitaka kuona kama kijana huyu mwenye hasira anaweza kubaki na lengo lake. Mwisho wakakubaliana kwamba kwa miaka ya mwanzo Robinson hatajibu tusi wala ngumi, kwa sababu ugomvi mmoja ungewapa wapinzani kisingizio cha kufunga mlango kwa miaka mingine mingi.

Kwa hiyo wanafunzi wetu wa Same walikuwa wamerudia, bila kujua, njia ileile iliyotumika kumwandaa Robinson mwenyewe.

Mwaka 1946 alipelekwa kwanza timu ya daraja la chini, Montreal Royals ya Kanada. Februari mwaka huo alikuwa amemwoa Rachel Isum, muuguzi aliyekutana naye chuoni. Wakati wa mazoezi huko Florida walilazimika kuondoka katika mji wa Sanford kwa sababu ya vitisho. Montreal kwenyewe walipokewa vizuri, na Robinson akaongoza ligi nzima kwa upigaji.

Aprili 15, 1947

Siku hiyo, akiwa na miaka 28, Robinson aliingia uwanja wa Ebbets Field, Brooklyn, akiwa na jezi namba 42. Zaidi ya watu 25,000 walikuwepo, wengi wao weusi. Hakupiga vizuri siku ile, lakini alifunga alama iliyosaidia timu kushinda, na ukuta uliosimama zaidi ya miaka 60 ukawa umepasuka.

Shida ilianzia nyumbani. Baadhi ya wachezaji wenzake walikuwa wameandaa waraka wa kumkataa, wakazimwa na uongozi. Wiki moja baadaye timu ya Philadelphia ilikuja Brooklyn, na kocha wake Ben Chapman akawaongoza wachezaji wake kumrushia Robinson matusi ya rangi mchezo mzima. Baadaye Robinson aliandika kwamba siku hiyo ndiyo aliyokaribia kabisa kuvunja ahadi. Hakuivunja. Badala yake wenzake wa Dodgers, hata waliokuwa hawamtaki, wakaanza kumtetea.

Msimu huo mipira ilimpiga mwilini mara 9. Tulipokuwa watoto tulicheza rede, na tunajua kukwepa mpira wa soksi. Huu ni mpira mgumu kama jiwe, unaorushwa na mtu mzima mwenye nguvu. Barua za kutishia kumuua yeye na familia yake zilikuja pia. Jibu lake lilikuwa kukimbia: alikuwa hodari wa kuiba vituo, akiwavuruga warushaji hadi wakose utulivu. Mwishoni mwa mwaka alichaguliwa mchezaji bora chipukizi.

Mwaka 1949 kipindi cha kunyamaza kilikuwa kimekwisha. Sasa alibishana na waamuzi na kuwajibu wapinzani, na mwaka huohuo akawa mchezaji bora wa ligi yake. Mwaka 1955 Dodgers walitwaa ubingwa wa taifa. Wengine walifuata njia yake, akiwemo Larry Doby aliyeingia ligi nyingine miezi mitatu tu baada yake. Hata hivyo timu ya mwisho kumkubali mchezaji mweusi, Boston Red Sox, ilifanya hivyo mwaka 1959, Robinson akiwa ameshastaafu. Ushindi huu ulikuwa na gharama pia: mashabiki walipohamia ligi kuu, timu za weusi zilikufa moja baada ya nyingine, na wengi walioishi kwa kazi za timu hizo walipoteza riziki.

Kutoka Brooklyn hadi mashamba ya kahawa Mbozi

Baada ya kustaafu, Robinson akawa makamu wa rais wa Chock full o'Nuts, kampuni ya kahawa na migahawa ya New York. Alitumia jina lake kuchangisha fedha za harakati za haki za weusi, na mwaka 1964 alishiriki kuanzisha benki Harlem kwa ajili ya watu ambao benki nyingine ziliwanyima mikopo.

Hapa ndipo hadithi inapofika kwetu. Mwaka 1959 Tom Mboya wa Kenya alikuwa akitafuta fedha za kuwasafirisha vijana wa Afrika Mashariki kwenda kusoma Marekani. Robinson, pamoja na Harry Belafonte na Sidney Poitier, aliweka saini barua ya kuomba michango. Septemba mwaka huo ndege ilipeleka wanafunzi 81 New York. Safari zilizofuata zilichukua na vijana wa nchi jirani, Tanganyika ikiwemo.

Miaka mingi baadaye mtoto wake, David, alihamia Tanzania, akafungua shamba la kahawa Mbozi, eneo ambalo leo liko mkoa wa Songwe, na kushirikiana na wakulima wenzake kuuza kahawa yao Marekani. Wakulima wa kahawa wa milima ya Pare wanaijua vizuri hesabu hiyo ya anayelima na anayepata faida.

Robinson hakuyaona hayo. Kisukari na moyo vilimdhoofisha mapema, macho yakaanza kufifia, na mwaka 1971 mwanawe mkubwa alifariki kwa ajali ya gari. Oktoba 15, 1972, alipoheshimiwa uwanjani kwa kutimia miaka 25 tangu siku ile ya Brooklyn, alitumia nafasi hiyo kudai kwamba timu za ligi kuu ziwe na makocha wakuu weusi. Siku 9 baadaye, Oktoba 24, alifariki akiwa na miaka 53. Kocha mkuu wa kwanza mweusi, Frank Robinson, ambaye si ndugu yake, alianza kazi hiyo mwaka 1975. Mwaka 1997 namba 42 ilistaafishwa katika timu zote, na kila Aprili 15 wachezaji wote huivaa kwa siku moja.

Kwa nini jukwaani?

Darasani mwalimu anaweza kuandika ubaoni tarehe na majina, na wanafunzi wakayanakili. Tuliloliona bwaloni ni tofauti. Aliyetukana alijisikia vibaya, aliyetukanwa aliumia, na waliocheka walijikuta wamekuwa sehemu ya mashabiki wa Philadelphia. Hilo daftari haliwezi kulifanya.

Kwa walimu wanaotaka kujaribu, tunashauri mambo matatu. Chagueni matukio machache: basi la jeshi, ofisi ya Rickey, uwanja wa Brooklyn, na Robinson anapoanza kujibu. Matusi yasitajwe yote, maana mgongo uliogeuzwa au mkono ulionyimwa salamu hutosha. Na baada ya igizo pawe na muda wa kuzungumza, wahusika wakiwa wameshavua mavazi yao, ili mtoto asirudi bwenini na jina la tusi.

Pia msiache historia yetu. Tanganyika ya mkoloni ilikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, na mfumo huo haukuondolewa hadi baada ya uhuru. Januari 1945, miezi michache kabla Robinson hajaingia ofisini kwa Rickey, maelfu ya Wapare walishuka kutoka milimani hadi hapa Same kupinga kodi ya mbiru. Walikaa, wakasubiri, wakakataa kutawanyika. Viongozi wao, akiwemo Paulo Mashambo, walihamishwa mbali, lakini kodi ile baadaye ilifutwa. Babu na bibi zetu walijua kwamba kuna kunyamaza kwa woga na kuna kunyamaza kwa mtu anayejua anachokitaka.

Tulipokuwa tukifunga vyombo vyetu, yule kijana aliyecheza Robinson alikuja kutuambia kwamba alipokuwa kidato cha kwanza, yeye ndiye aliyekuwa akimtania mwenzake kwa sababu ya kigugumizi. Jioni ile alikuwa anakwenda kumtafuta. Hatukumuuliza atamwambia nini.